Dawa za mitishamba za Kichina kwa mgonjwa wa tezi ya shingo: mwongozo kamili, kuanzia kipimo cha damu hadi chungu cha dawa

Kazi yangu ni ukalimani. Hapa Guangzhou, kusini mwa China, kuna wafanyabiashara wengi wanaotoka Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi, na mmoja wao akiugua, mara nyingi mimi ndiye ninayeingia naye kwa daktari. Mimi mwenyewe nina ugonjwa wa Hashimoto, unaoidhoofisha tezi ya shingo, huu ni mwaka wa tisa. Kwa hiyo haya nimeyapitia kwa pande mbili: nikiwa mgonjwa mwenye kikombe cha dawa chungu mkononi, na nikiwa mtu anayewasomea wenzake karatasi ya dawa.

Neno moja kabla ya hatua yoyote. Mitishamba ya Kichina haichukui nafasi ya levothairoksini, kidonge cha homoni kwa tezi iliyodhoofika, wala ya kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi iliyozidi kufanya kazi. Mwaka juzi nilimpeleka hospitali mama mmoja ambaye muuza dawa alimwambia majani ya kuchemsha yangemtosha, akaacha vidonge vyake miezi mitatu. Uso umevimba, sauti imekwaruza na kuwa nzito, na alisinzia kwenye kiti tukisubiri kuitwa. TSH yake, yaani homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi na inayopanda tezi ikishindwa, ilipita 80. Kila ninachoeleza hapa chini kinafanyika huku vidonge vikiendelea kumezwa kama kawaida.

Hatua ya kwanza: jua tezi yako inaumwa nini

Tezi dundumio imekaa mbele ya koo, ina umbo la kipepeo, na ndiyo inayotoa homoni zinazoendesha moyo, joto la mwili, tumbo na hedhi. Kinga ya mwili ikikosea na kuiona tezi hiyo kama adui, hutokea mojawapo ya mambo mawili. Katika Hashimoto, ugonjwa ulioelezwa na daktari wa Japani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, tezi inaliwa polepole hadi inashindwa kazi: uchovu, baridi, choo kigumu, nywele kukatika, uzito kupanda. Katika Graves, uliopewa jina la Robert Graves wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835, kingamwili zinaichapa tezi ifanye kazi bila kupumzika: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukonda huku unakula, na kwa wengine macho kutokeza. Wanawake tunaugua haya mawili mara nyingi kuliko wanaume.

Dalili hazitoshi kutofautisha. Nimeona mtu aliyejihesabu kuwa na Hashimoto kwa sababu ya uchovu, kumbe ni Graves, na uchovu ulitokana na moyo uliokuwa ukikimbia usiku kucha. Kabla hujamwona tabibu yeyote wa mitishamba, uwe na majibu ya TSH, ya homoni za tezi yenyewe, yaani T4 huru, na T3 huru ikiwa unashukiwa kuwa na Graves, na kingamwili: anti-TPO kwa Hashimoto, TRAb kwa Graves. Kwa watu wazima maabara nyingi huweka TSH ya kawaida kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache siku mbili au zaidi kabla ya kutolewa damu, maana vinapotosha majibu.

Siku hiyohiyo pima pia ini, figo, potasiamu na hesabu kamili ya chembe za damu. Watu hudhani ni gharama ya bure. Siyo. Ini likija kuleta matatizo mwezi wa pili, hiyo ndiyo karatasi itakayoonyesha kama lilikuwa zima kabla ya dawa.

Hatua ya pili: mwani, na hapa usome taratibu

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Wachina walianza kutibu uvimbe wa shingo zamani sana. Wanauita ying. Mwanzoni mwa karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika juu ya mwani uliolowekwa kwenye pombe. Karne ya 7, enzi ya Tang, matabibu walikuwa wakitumia tezi za shingo za kondoo. Ulaya ilifika huko baadaye mno: Bernard Courtois aligundua iodini ndani ya majivu ya mwani mwaka 1811, Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kutibu rovu kwa iodini mwaka 1820, na George Murray wa Uingereza akamdunga mgonjwa maji ya tezi ya kondoo mwaka 1891. Ukilijua hili, utaelewa kwa nini tabibu wa Kichina anauamini mwani. Babu zake waliwaona watu wakipona.

Lakini tazama waliopona walikuwa akina nani. Walikuwa watu wa milimani, mbali na bahari, waliokosa madini joto, yaani hiyo iodini. Ni rovu ileile waliyoijua bibi zetu wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Mgonjwa wa Hashimoto anaweza kuwa na shingo inayofanana kabisa na ya yule mtu wa mlimani, ila ndani ugonjwa ni mwingine. Yeye madini joto anayo tayari, na yakizidi yanaichochea kinga iishambulie tezi zaidi, tena yanaweza kuizima tezi iliyokwisha dhoofika. Kwa mwenye Graves, madini joto ndiyo malighafi ya homoni ambayo tezi yake inaitengeneza kupita kiasi.

Sasa hesabu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Gramu moja ya kunbu kavu, mwani mpana wa kahawia, inaweza kubeba zaidi ya mikrogramu 1,000. Kwenye karatasi ya dawa kunbu huandikwa gramu 6 hadi 12 kwa siku, na mara nyingi haiji peke yake. Iko dawa maarufu inayoitwa Haizao Yuhu Tang, iliyoandikwa mwaka 1617 na Chen Shigong, tabibu wa upasuaji wa enzi ya Ming, kwa ajili ya uvimbe wa shingo. Ndani yake mna aina tatu za mwani kwa pamoja. Tabibu akiona shingo iliyovimba, hiyo ni miongoni mwa dawa za kwanza kumjia akilini.

Mimi nilikutana nayo hivi. Mfamasia alifungua pakiti yangu ya kwanza juu ya karatasi ili nihesabu pamoja naye. Kulikuwa na magome, vipande vyeupe vya mizizi, majani yaliyokunjamana, halafu vipande vyeusi kama mkanda wa ngozi, vimetiwa vumbi jeupe la chumvi. Nilikigusa kimoja kwa ulimi, nikapata bahari. Nilirudi kwa daktari na karatasi yangu ya anti-TPO. Aliisoma, akanyamaza kidogo, akakata mistari miwili kwa kalamu na kuandika dawa nyingine badala yake. Hakukasirika. Hakuwa ameuliza kuhusu kingamwili, nami sikuwa nimemwambia.

Kwa hiyo jifunze kuzitambua herufi hizi hata kama husomi Kichina: 海藻 ni haizao, 昆布 ni kunbu, 海带 ni haidai. Zipige picha, uzihifadhi kwenye simu. Ukiziona kwenye karatasi yako, uliza kabla hujalipa. Ukiwa unasubiri picha ya tezi kwa dawa ya mionzi, au tiba ya iodini ya mionzi, mwani wowote unaharibu kazi: tezi inakuwa imeshiba na haipokei tena. Madaktari hutaka ujizuie wiki kadhaa kabla.

Watu huniuliza kuhusu mwani wa Zanzibar, ule unaolimwa pwani tangu mwaka 1989. Huo ni wa jamii nyingine, mwekundu, sio kunbu. Hata hivyo, ukinywa juisi yake au unga wake kila siku, mwambie daktari wako kama ambavyo ungemwambia kuhusu dawa.

Hatua ya tatu: mtafute tabibu anayekubali karatasi za maabara

China ina hospitali kubwa za tiba ya jadi zenye idara ya homoni, ambako daktari yuleyule anakushika mapigo na anasoma TSH. Hao ndio ninaowapendekeza. Kwa wale walioko nyumbani, Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watoa huduma, basi omba kuona usajili. Tabibu akikuambia uache vidonge vya hospitali, funga mkoba uondoke.

Ukiingia, atakuangalia uso, atakuomba utoe ulimi, atakuuliza kuhusu usingizi, choo, hedhi na hasira, kisha ataweka vidole vitatu kwenye mkono wako wa kushoto, halafu wa kulia, akisikiliza mapigo. Usipake lipstiki, wala usinywe kahawa kabla, maana kahawa inabadilisha rangi ya ulimi. Mwishoni atakuambia una hali gani kwa lugha yao. Wengi wenye Graves huambiwa ini limeziba na kuwaka moto, au yin, nguvu ya kupoza mwili, imepungua. Wengi wenye Hashimoto iliyokomaa huambiwa yang, nguvu ya kupasha mwili joto, ya wengu na figo imepungua. Usiogope ukisikia ini au figo: hayo ni majina ya mifumo katika nadharia yao, hawasemi kwamba viungo vyenyewe vinaumwa. Nimewahi kumtuliza kaka mmoja aliyelia kwenye korido akidhani figo zake zimekwisha.

Na faida ni ipi? Nitasema ninachokiamini. Mwaka 2007 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulichambua majaribio 13 ya mitishamba ya Kichina kwa wagonjwa wa tezi iliyozidi kufanya kazi. Yote yalikuwa na ubora hafifu. Kulikuwa na dalili kwamba mitishamba ikiongezwa juu ya dawa za hospitali huenda ikasaidia, lakini hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuipendekeza dawa yoyote moja. Mimi imenisaidia usingizi na tumbo. Dozi yangu ya levothairoksini haijapungua hata kidogo, na sikuwahi kutarajia ipungue.

Hatua ya nne: pitia karatasi ya dawa jina kwa jina

Hospitalini karatasi ina majina kumi hadi kumi na tano, kila moja na gramu zake. Mengi si ya kutisha. Xia ku cao, ua la kahawia ambalo jina lake maana yake ni nyasi inayokauka kiangazi, huandikwa sana kwa uvimbe wa shingo, na hapa Guangzhou watu huinywa kwenye chai za kupoza mwili zinazouzwa barabarani. Chaihu, baishao na danggui hutoka katika Xiaoyao San, dawa ya enzi ya Song kwa mtu mwenye msongo. Danggui ina tahadhari moja: ukiwa unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu inaweza kutoka bila kukatika.

Gancao, mizizi mitamu, imo karibu katika kila dawa. Kwa siku chache haina neno. Ukiinywa kwa wiki nyingi inaweza kupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Mwenye Graves awe makini zaidi hapa, kwa sababu wapo wagonjwa, hasa wanaume wa Asia ya Mashariki, ambao potasiamu ikishuka miguu inalegea ghafla hadi wanashindwa kusimama.

Kuna nne ambazo mimi huzikataa au huzipeleka kwanza kwa daktari wa hospitali:

Huangyaozi, 黄药子, ni kiazi cha jamii ya viazi vikuu, kile kinachozaa viazi vidogo vinavyoning'inia hewani. Kilitumiwa sana kwa uvimbe wa tezi, na kinaua ini. Mimi sikikubali kwa kiasi chochote.

Leigongteng, 雷公藤, inazima kinga kwa nguvu, na wako madaktari China wanaoitumia kwa macho ya Graves. Inaweza kudhuru ini na figo, kusimamisha hedhi na kupunguza mbegu za kiume. Bila daktari bingwa anayekupima mara kwa mara, hapana. Kwa anayetafuta mtoto, hapana kabisa.

Heshouwu, 何首乌, inauzwa sana kwa nywele, na mgonjwa wa Hashimoto nywele zinamkatika, basi anashawishika. Kesi za ini kuumia kwa sababu yake zinajulikana vizuri.

Fuzi, 附子, huandikwa kwa wenye baridi nyingi. Ni sumu ya moyo isipoandaliwa na kuchemshwa ipasavyo. Ukiwa umepewa levothairoksini nyingi kidogo, au una Graves, moyo wako tayari una mzigo.

Kwa dawa za boksi, tafuta maneno 国药准字 yakifuatiwa na herufi Z na tarakimu nane. Hiyo ni idhini ya serikali ya China kwa dawa ya jadi. H ni kwa dawa za kemikali. Boksi lisilo na namba hiyo, lenye picha ya shingo na ahadi ya kuponya kwa siku 30, liache dukani. Mwaka 2002 Japani ilipata watu walioumwa ini, na wengine wakafa, kwa vidonge vya kupunguza uzito kutoka China, na katika baadhi ya vidonge hivyo kulikutwa hata homoni ya tezi iliyofichwa.

Hatua ya tano: kuchemsha

Tumia chungu cha udongo, cha kioo au sufuria ya chuma isiyoshika kutu. Usitumie alumini, shaba wala chuma cha kawaida. Mimina pakiti ya siku moja, weka maji baridi yapite juu ya dawa kama vidole viwili, acha dakika 30 ilowe. Usiioshe kwa nguvu.

Washa moto mkali hadi ichemke, kisha punguza, iendelee kutokota dakika 20 hadi 30, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Chuja. Ongeza maji, pungufu ya mwanzo, chemsha tena dakika 20, chuja, changanya maji ya mara zote mbili na uyagawe vikombe viwili, asubuhi na jioni. Maganda ya chaza na mawe huanza peke yake dakika 30 kabla ya vingine. Karatasi itasema 先煎. Majani ya kunukia kama bohe, yaani nanaa, huingia dakika tano za mwisho, 后下. Ikiungua, imwage. Usiongeze maji ukainywa.

Harufu itajaa nyumba nzima. Waambie majirani mapema.

Hatua ya sita: saa

Levothairoksini inataka tumbo tupu, maji matupu, na dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Madini ya chuma na kalsiamu huishika tumboni isiingie kwenye damu, ndiyo maana hutenganishwa kwa saa nne. Kumbuka yale maganda ya chaza, muli kwa Kichina: hiyo ni kalsiamu tupu. Longgu, mifupa ya kale, ni vilevile. Wengi hawalijui hili, wanakunywa dawa zote mbili kwa glasi moja, TSH inapanda, na daktari anaongeza dozi bila kujua sababu.

Ratiba yangu ni hii: saa kumi na mbili asubuhi kidonge, saa moja chai na mkate, saa tano kikombe cha kwanza cha mitishamba, saa mbili usiku cha pili. Imekaa kwenye mlango wa friji.

Hatua ya saba: kufuatilia

Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Kama dozi ya kidonge imebadilishwa leo, mitishamba isubiri, ama sivyo hutajua kipi kimefanya nini. Pima ini tena baada ya wiki mbili hadi nne. TSH ipimwe baada ya wiki sita hadi nane, maana kabla ya hapo haijatulia.

Acha mitishamba siku hiyohiyo na uende hospitali na mabaki ya pakiti mkononi ukiona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kuwashwa mwili mzima au maumivu chini ya mbavu za kulia. Unayemeza kabimazoli, homa na koo kuuma usivifanye mafua ya kawaida: pima chembe za damu siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa hiyo mara chache huangusha chembe nyeupe. Homa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa kwa mwenye Graves ni dharura. Kusinzia kusikoisha, mwili kuwa wa baridi na maneno kupotea kwa mwenye Hashimoto ni dharura pia.

Ukigundua una mimba, simamisha mitishamba yote asubuhi hiyo, lakini levothairoksini usiiguse kwa kuipunguza. Mwili wa mjamzito kwa kawaida unaitaka zaidi, na daktari anatakiwa kujua ndani ya siku chache, sio mwisho wa mwezi.

Unaporudi nyumbani

Wengi wananiomba dawa ya miezi sita ya kubeba. Sibebeshi zaidi ya mwezi mmoja. Pakiti za majani makavu huota ukungu kwenye joto la pwani, na dawa iliyoandikwa kwa hali yako ya Machi haikufai Septemba. Chembechembe za kukoroga kwenye maji ya moto hubebeka vizuri zaidi, ila zinatoka kwenye karatasi ileile, kwa hiyo zisome kwa macho yaleyale.

Mpe daktari wako wa Dar au Mombasa nakala ya karatasi, majina yakiwa kwa herufi za Kichina na kwa pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, chini yake. Mimi huwaandikia wateja wangu kwa mkono, na upande wa pili naweka tarehe ya kipimo kinachofuata, na maelekezo kwamba asubuhi ya siku hiyo damu itolewe kwanza, kidonge kimezwe baadaye.